Nyumba Isiyo na Mtoto, na Mtoto Asiyestawi
(Fundisho kwa wakatekumeni waliooa na wanaotaka kuoa)



Huzuni mbili huingia katika nyumba nyingi za vijiji vya Kongo. Huzuni ya kwanza ni ya mume na mke waliokaa miaka bila kupata mtoto. Huzuni ya pili ni ya wazazi waliopata mtoto, akanyonya vema, akacheka, kisha alipoanza kutembea akavimba miguu, nywele zikageuka rangi, akakataa chakula.

Katika huzuni zote mbili watu hupenda kuuliza: «Ni nani aliyefanya hivi?» Basi humtafuta mlozi, na mara nyingi humpata karibu: ni mke asiyezaa, au mama mkwe, au mjane mzee akaaye peke yake. Ni wachache wanaouliza: «Ni kitu gani kilichofanya hivi?» Fundisho hili lataka kumwonyesha mkatekumeni kwamba swali hili la pili ndilo liongozalo kwenye msaada. Anayejiandaa kwa ubatizo yampasa kulijua jambo hili vizuri, maana linagusa amri nne za Mungu: ya kwanza, ya tano, ya sita na ya nane.

I. MTOTO NI ZAWADI YA MUNGU

Maandiko Matakatifu hayafichi machozi ya watu waliokosa mtoto. Sara mke wa Abrahamu, Rebeka mke wa Isaka, Raheli mke wa Yakobo, Ana mama wa Samweli, Elizabeti mama wa Yohane Mbatizaji, wote walingoja miaka mingi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mlozi, wala Maandiko hayasemi kwamba walikuwa wakiadhibiwa kwa dhambi zao. Mwinjili Luka aeleza wazi kwamba Zakaria na Elizabeti walikuwa watu wenye haki mbele ya Mungu, nao hawakuwa na mtoto.

Yafaa kumtazama Elkana, mume wa Ana, katika Kitabu cha kwanza cha Samweli. Alikuwa na mke mwingine, Penina, aliyekuwa na watoto, na huyo alimchokoza Ana mwaka kwa mwaka mpaka Ana akalia na kuacha kula. Elkana hakumrudisha Ana kwa wazazi wake. Walipotoa sadaka alimpa fungu lake kwa upendo, akamtuliza kwa maneno mema. Na kuhani Heli, alipomwona Ana akisali kwa midomo tu, alidhani amelewa. Hata mtu wa hekaluni aliweza kumhukumu vibaya mwanamke mwenye huzuni. Lakini alipoelezwa, alikubali akambariki.

Tena yafaa kutazama lililotokea kwa Abrahamu. Sara alipochoka kungoja, alimpa mumewe mjakazi wake Hagari. Nyumba ilipata mtoto, ikapoteza amani. Mwishowe Hagari alifukuzwa na mwanawe jangwani. Watu wanaosema kwamba mke wa pili huponya utasa wa nyumba na wasome habari hiyo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16 na ya 21.

Eklezia yafundisha hivi: ndoa ya Kikristu ni kamili hata mtoto asipopatikana. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilisema jambo hilo mwaka 1965, katika hati yake juu ya Eklezia katika ulimwengu. Tena sheria za Eklezia zilizotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, zaeleza kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauivunji. Basi mume hawezi kumrudisha mke kwa sababu hazai, wala ukoo hauwezi kudai ng'ombe za mahari kama mtu arudishaye chungu chenye ufa sokoni. Vilevile mke hawezi kumwacha mume kwa sababu hiyo. Wala hairuhusiwi kufanya lile ambalo ukoo fulani hulifanya gizani, yaani kumpeleka mke kwa ndugu ya mume ili apate mimba kwa siri. Huo ni uzinzi, hata kama wazee wote wameupatana.

II. SABABU ZA KUKOSA MTOTO

Mungu ameumba mwili kwa utaratibu. Katika tumbo la mwanamke mna vifuko viwili vya mayai madogo sana. Kila mwezi, kwa kawaida, yai moja hutoka, likapita katika mrija mwembamba kuelekea tumbo la uzazi. Yai hilo huishi muda wa siku moja tu. Mbegu ya mwanamume yaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku tano. Kwa hiyo katika kila mwezi siku za kupata mimba ni chache, kama sita hivi. Mwanamke aweza kuzitambua kwa ute: siku hizo ute huwa mwingi, wa kuteleza na kuvutika kama ute mweupe wa yai la kuku. Mume na mke wanaotafuta mtoto wafanya vema kuzijua siku hizo.

Waganga wa hospitali husema kwamba watu wana tatizo la uzazi ikiwa wamekaa pamoja mwaka mmoja mzima, wakikutana kwa kawaida, bila kutumia njia ya kuzuia mimba, na mimba isiingie. Ikiwa mke amepita miaka 35, wasingoje mwaka. Baada ya miezi sita yafaa waende kupimwa. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika watu 6 duniani, mtu 1 hivi hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Basi si laana ya kijiji kimoja wala ya ukoo mmoja.

Sababu zenyewe ni nyingi; hapa zatajwa zile zilizo kubwa zaidi katika nchi zetu.

Ya kwanza ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia. Magonjwa hayo yaweza kukaa mwilini bila maumivu makubwa, hasa kwa wanawake. Polepole huacha makovu katika mirija, mirija ikaziba, yai lisipate njia. Kwa mwanamume pia yaweza kuziba njia za mbegu. Katika sehemu fulani za Kongo, kama Uele upande wa kaskazini-mashariki, wachunguzi wa miaka ya 1950 walikuta wanawake wengi mno wasio na mtoto hata mmoja, na magonjwa haya yakaonekana kuwa sababu kubwa. Kaswende nayo yaweza kuua mtoto tumboni kabla hajazaliwa.

Ya pili ni uchafu unaoingia tumboni wakati wa kuzaa au mimba inapotoka. Ndiyo sababu wako wanawake waliozaa mtoto mmoja na baadaye hawakupata mwingine. Kwa hiyo kuzaa mahali safi, mikononi mwa mkunga aliyefundishwa, ni kulinda pia watoto watakaofuata. Utoaji wa mimba kwa siri, ulio dhambi nzito, huharibu pia matumbo ya wasichana wengi.

Ya tatu iko upande wa mume. Mara nyingi watu hudhani kwamba mwanamume mwenye nguvu hawezi kuwa na tatizo. Sivyo. Katika nyumba zinazokosa mtoto, karibu nusu zina sababu kwa mwanamume, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Mbegu zaweza kuwa chache, au dhaifu, au zisiwepo kabisa, na mtu mwenyewe haoni dalili yoyote. Matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu, yakimpata mwanamume aliyekwisha balehe, yaweza kumharibu. Pombe nyingi na tumbaku hudhoofisha pia.

Ya nne ni mambo ya mwili ambayo hakuna mtu aliyeyasababisha: yai lisilotoka kila mwezi, uvimbe katika tumbo la uzazi, au umri. Tena kuna mimba zinazotoka au watoto wanaozaliwa wafu kwa sababu ya malaria, au kwa sababu mama amekosa yodi, ile dawa ndogo itiwayo katika chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga waliona katika miaka ya 1960 watu wengi wenye rovu shingoni kwa kukosa yodi. Ndiyo sababu yapasa kununua chumvi yenye yodi.

Mfumu akipiga ramli hawezi kuona mrija ulioziba. Atataja jina la jirani, atapokea kuku au mbuzi, na ugonjwa utabaki pale pale. Amri ya kwanza inamkataza mkatekumeni kwenda kwake. Amri ya nane inamkataza kulirudia jina lile lililotajwa.

III. NJIA YA KUFUATA

Kwanza, mume na mke waende hospitali pamoja, siku moja. Kumtuma mke peke yake ni kumhukumu kabla ya kumpima. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, wote wawili wameze dawa mpaka mwisho. Mmoja akitibiwa na mwingine akiacha, ugonjwa hurudi. Ugonjwa ukipatikana mapema, dawa za hospitali huuponya. Ukikawia, makovu hubaki hata baada ya kupona. Kwa hiyo kijana mwenye maumivu ya kukojoa au usaha asifiche kwa haya.

Pili, wakubali msaada ule unaotibu mwili na kuheshimu ndoa. Msaada unaoleta mbegu au yai la mtu mwingine, au unaotengeneza mtoto nje ya tendo la ndoa, Eklezia haiukubali. Yenye shaka waulize Padri.

Tatu, mtoto asipopatikana hata baada ya dawa, nyumba yao haikufungwa. Wapo mayatima katika ukoo wao. Wako watoto wa kijiji wanaotafuta baba na mama wa ubatizo. Mtu alealaye yatima kwa upendo ni mzazi kweli.

IV. MFANO WA KUFIKIRIWA

Katika kijiji kimoja cha milimani, magharibi ya ziwa Kivu, tuseme yuko mkatekumeni wa mwaka wa pili. Ana mke mmoja, na kwa miaka minne hawajapata mtoto. Mdogo wake, akaaye ua mmoja naye, ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo aanza kuvimba miguu. Ukoo wakutana jioni, na baba mkubwa asema:

— Mwanangu, mke huyu alikula ng'ombe zetu bure. Sasa anakula na mtoto wa mdogo wako. Mwanamke asiyezaa huwa na jicho. Mrudishe kwao, sisi tutakutafutia mwingine.

— Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini nimejiandikisha kwa ubatizo, na mke wangu pia.

— Ubatizo utakuzalia? Jina lako litaitwa na nani utakapokufa?

Yule mkatekumeni hakujua la kujibu. Usiku ule mkewe hakulala. Alikuwa amefunga nguo zake katika kitambaa, akingoja kufukuzwa asubuhi. Kulipokucha mume alikwenda misioni. Padri hakumpa maneno mengi. Alimwambia: «Mpeleke mkeo hospitali, na wewe mwenyewe upimwe. Na yule mtoto mchukueni leo hii, asingoje kesho.»

Wakaenda wote, na mama wa mtoto pia. Sista wa hospitali alimbonyeza mtoto mguuni kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki. Akauliza mtoto anakula nini. Mama akajibu: «Bukari la muhogo na maji ya sombe.» Akauliza aliachishwa ziwa lini. Mama akajibu: «Alipokuwa wa miezi kumi na mmoja, maana nilipata mimba nyingine, na mama mkwe alisema maziwa yamekuwa sumu.» Sista akasema: «Ugonjwa huu una jina, na dawa yake ni chakula.» Mtoto akalazwa pamoja na mama yake.

Mume na mke nao wakapimwa. Mke alikutwa mzima. Mume ndiye aliyekuwa na tatizo: zamani, alipokuwa akifanya kazi katika machimbo ya dhahabu, alipata kisonono, akanunua dawa kidogo sokoni, akaacha maumivu yalipokwisha.

Sasa ndipo jaribu lenyewe lilipokuja. Hakuna mtu wa kijiji aliyejua neno la mganga ila yeye na mkewe. Angaliweza kunyamaza, na lawama ingalibaki juu ya mke. Mke mwenyewe alimwambia: «Ukitaka kunyamaza, nitavumilia.» Lakini mume aliita ukoo, akasimama mbele ya baba mkubwa, akasema: «Tatizo ni langu. Mke wangu hana kosa. Aliyemtukana, alinitukana mimi.» Watu walinyamaza. Baba mkubwa aliondoka bila kuaga.

Baada ya wiki chache mtoto wa mdogo wake alirudi kutoka hospitali. Uvimbe ulikuwa umekwisha, naye alikuwa akilia kwa njaa, jambo lililowafurahisha wote. Mama yake alimbeba moja kwa moja mpaka mlango wa shemeji yake, akamweka katika mikono yake, akasema: «Dada, nilisadiki maneno yao. Unisamehe.»

Mume na mke wale hawajapata mtoto. Lakini mke alifungua kile kitambaa, akarudisha nguo zake mahali pake, nao wanaendelea na mafundisho pamoja.

V. KUMLISHA MTOTO MCHANGA

Mama wa nyumba ile ya pili hakuwa mvivu wala mwovu. Alikosa kufundishwa. Basi yawapasa wakatekumeni, wanaume kwa wanawake, kuyashika haya.

Saa ya kwanza. Mtoto akizaliwa tu, awekwe kifuani mwa mama, anyonye kabla ya saa moja kupita. Maziwa ya kwanza ni mazito na ya manjano. Wazee fulani huyakamua na kuyamwaga, wakidhani ni machafu. Kumbe ndiyo kinga ya kwanza ambayo Mungu humpa mtoto dhidi ya magonjwa. Hata tone moja lisimwagwe.

Miezi sita ya kwanza. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake: asipewe maji, wala uji, wala chai, wala maji ya majani ya dawa za kienyeji. Watu husema: «Mtoto ana kiu.» Lakini sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na ni maji safi kuliko ya kisima chochote. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 usiku na mchana. Kadiri anyonyavyo, ndivyo maziwa yaongezekavyo. Dawa alizoandika mganga wa hospitali, hizo apewe.

Maziwa ya kopo na chupa ni hatari kijijini: maji ni machafu, chupa haichemshwi, na mama maskini hutia unga kidogo ili kopo lidumu. Mtoto huharisha, akakonda. Kwa sababu hiyo mataifa yalipatana mwaka 1981, katika Shirika la Afya la Ulimwengu, kuzuia matangazo yanayowashawishi mama waache kunyonyesha. Ikiwa mama amefariki au hawezi kunyonyesha, jamaa waende kituo cha afya wafundishwe. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe, kwa maana kikombe huoshwa upesi kuliko chupa. Mama mwenye virusi vya ukimwi asiache kunyonyesha kwa shauri la majirani. Akimeza dawa zake kila siku kama alivyoagizwa, aweza kunyonyesha, waganga watamwongoza.

Bikira Maria naye alimnyonyesha Mwokozi wetu. Mwezi wa Januari 2017, Papa Fransisko alipokuwa akibatiza watoto katika kikanisa cha Sistina huko Roma, aliwaambia mama wanyonyeshe watoto wao mle ndani bila hofu, kama Maria alivyomnyonyesha Yezu. Basi mama asione haya kumnyonyesha mtoto wakati wa mafundisho au Misa.

Baada ya miezi sita. Sasa maziwa hayatoshi peke yake, lakini yasiachwe. Mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi, huku akipewa chakula: mara 2 au 3 kwa siku akiwa wa miezi 6 mpaka 8, mara 3 au 4 tangu miezi 9. Uji uwe mzito, usimwagike upesi kutoka kijikoni. Katika sahani yake muwe na vyakula vya namna tatu:

1. Vinavyojenga mwili: maharagwe yaliyopondwa na kutolewa maganda, karanga zilizosagwa, soya, yai, maziwa, nyama, ndagala au sambaza. Sambaza ni samaki wadogo walioletwa katika ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakaushwe, wasagwe, na unga wao utiwe kijiko kimoja katika uji.

2. Vinavyotia nguvu: mahindi, mtama, viazi, ndizi, muhogo, mafuta ya mawese. Muhogo hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili wa mtoto. Anayelishwa muhogo peke yake ni kama nyumba iliyopakwa udongo bila miti ya ndani.

3. Vinavyolinda mwili: sombe, lengalenga, papai, embe, avoka.

Uji wa masoso, yaani wa mahindi, soya na mtama, ni mzuri sana, na vyote hulimwa hapa kwetu. Mtoto awe na sahani yake mwenyewe. Akila katika sahani moja na kaka zake, mkono mdogo huchelewa. Tena desturi ya kuweka yai na nyama kwa ajili ya baba peke yake, au kusema kwamba mtoto alaye mayai atakuwa mwizi, haina maana. Baba wa Kikristu amwonyeshe mtoto upendo kwa kumpa fungu la kitoweo chake.

Mtoto asifuatwe upesi. Wazee wa zamani walimkataza mume kumkaribia mke anyonyeshaye, wakisema kwamba maziwa yataharibika. Maziwa hayaharibiki kwa sababu hiyo, na mume asiifanye desturi hiyo kuwa njia ya kutafuta mke wa pili. Lakini wazee walijua jambo moja la kweli: mtoto hustawi mdogo wake akikawia. Mungu mwenyewe ameweka msaada katika kunyonyesha. Mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, anyonyaye tu mchana na usiku, na ambaye hedhi yake haijarudi, ni mara chache sana apate mimba: chini ya wanawake 2 kwa 100. Moja la mambo hayo matatu likikosekana, msaada huo hautegemewi tena. Hapo mume na mke waziangalie siku za ute zilizoelezwa juu, wakijizuia kwa mapatano. Na mimba ikiingia, maziwa hayageuki sumu. Mama mwenye afya aweza kuendelea kunyonyesha, na yeye mwenyewe ale zaidi.

VI. BWAKI

Ugonjwa wa mtoto aliyetajwa katika mfano huitwa bwaki huko Kivu. Waganga ulimwenguni huuita kwashiorkor. Neno hilo latoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Mganga mwanamke Cicely Williams alilitumia katika maandiko yake mwaka 1935. Wenyeji walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani mdogo wake anapozaliwa. Basi watu wa Ghana na watu wa Kivu, wasiojuana, waliona jambo lile lile. Huko Lwiro, mahali pa chuo cha uchunguzi cha IRSAC kilichoanzishwa mwaka 1947, na katika hospitali ya Katana iliyo karibu, waganga waliuchunguza ugonjwa huu miaka mingi na kuwatibu watoto wengi.

Dalili zake ni hizi: miguu na uso huvimba, ukibonyeza mguu shimo hubaki, nywele huwa nyekundu na hung'oka bila maumivu, ngozi hubanduka, mtoto hununa, hachezi, hataki kula. Wengine hudanganyika kwa uvimbe wakisema mtoto amenenepa. Namna nyingine ya utapiamlo hukausha mtoto mpaka mbavu zaonekana. Kwenye kituo cha afya hupima mkono wa mtoto kwa kamba yenye rangi: mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ambaye mkono wake hautimizi sentimeta 11 na nusu kuzunguka yuko katika hatari kubwa. Apelekwe siku ile ile. Mtoto aliyevimba apelekwe pia, hata kama kamba haionyeshi kitu.

Kumweka nyumbani wiki tatu huku ukoo ukimtafuta mlozi ni kuivunja amri ya tano.

VII. MASWALI NA MAJIBU

1. Je, ndoa isiyo na mtoto ni ndoa ya kweli?
Ndiyo, ni ndoa ya kweli na haivunjiki.

2. Ni nani apimwe mtoto asipopatikana?
Mume na mke, wote wawili, pamoja.

3. Ni ugonjwa gani uzibao njia za uzazi mara nyingi?
Ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, hasa kisonono na klamidia.

4. Mtoto apewe nini katika miezi sita ya kwanza?
Maziwa ya mama peke yake.

5. Baada ya miezi sita aongezewe nini?
Chakula cha namna tatu: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda mwili, na aendelee kunyonya.

6. Bwaki huletwa na mlozi?
Hapana. Huja kwa kukosa chakula chema, hasa mtoto anapoachishwa ziwa mapema.

7. Amwitaye mwanamke mlozi kwa sababu hazai hutenda dhambi gani?
Hulivunja agizo la amri ya nane, na yampasa kurudisha jina jema la yule aliyemsingizia, mbele ya watu wale wale waliosikia.

VIII. KUSUDI LA MWEZI HUU

Kila mkatekumeni atazame watoto wadogo wa ua wake, awabonyeze miguu, na akiona shimo linabaki awaonye wazazi wao. Kila mume aulize mkewe mtoto amekula nini leo. Na kama kijijini yuko mwanamke anayeitwa mlozi kwa kukosa mtoto, mkatekumeni amsalimu njiani mbele ya watu, na kumkaribisha akae karibu naye siku ya Dominika.

Sala. Ee Mungu, Muumba wetu, uliyesikia machozi ya Ana, uwatazame mume na mke wanaongoja mtoto. Uwape dawa ya kufaa, subira na upendo. Ulinde watoto wetu wasife kwa ujinga wetu, wala ulimi wetu usimwue asiye na kosa. Kwa Yezu Kristu Bwana wetu. Amina.